Busta kwenye mikorosho: mkulima apige hesabu kabla ya kununua chupa

WAKULIMA wa korosho wa Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani wanaujua vizuri mwezi Juni. Mvua zimekwisha, mikorosho inatoa majani mapya, maua yanaanza kuchungulia, na mfukoni hakuna kitu kwa sababu fedha za mnada wa mwisho zimeishia kwenye mahitaji ya shule, palizi na chakula. Ni wakati huo huo ambapo maduka ya pembejeo hujaza rafu chupa za mbolea ya majani, ambayo wengi huiita busta. Kila chupa ina picha ya tawi lililoelemewa na korosho, na kila muuzaji ana maneno yake ya kuisifia.

Swali la mkulima ni moja tu: inalipa? Ukweli ni kwamba busta hulipa kwa baadhi ya mikorosho, kwa baadhi ya virutubisho na kwa majuma machache ya mwaka. Nje ya hapo mkulima anapuliza fedha hewani. Anayetaka kujua yuko upande gani hana budi kuelewa kwanza jani linafanya nini, kisha ashike kalamu.

Kwa nini kulisha kupitia jani

Mti hula kwa mizizi. Jani limeumbwa kwa ajili ya kupokea mwanga na hewa, na jani la mkorosho lina nta inayong'aa ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasipotee. Hata hivyo jani si ukuta mtupu. Kirutubisho kilichoyeyuka katika maji kinaweza kupenya taratibu kwenye ngozi yake na kwenye vitundu vidogo vya kupumulia, ambavyo katika miti mingi viko zaidi upande wa chini. Jani changa, ambalo nta yake bado nyembamba, hupokea zaidi kuliko jani kuukuu lililokomaa na kukakamaa.

Katika kanda ya kusini njia hii ina sababu ya ziada, nayo ni kalenda ya mvua. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mkorosho hutoa majani mapya na kuchanua kuanzia Juni hadi Septemba, kisha korosho huanguka kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Desemba. Kwa maneno mengine, mti unajenga maua na korosho zake wakati wa kiangazi. Mizizi mirefu inaendelea kuvuta maji ya chini, lakini tabaka la juu la udongo, ambamo ndimo kuna mboji na sehemu kubwa ya chakula, limekauka. Mbolea iliyomwagwa chini mwezi Julai italala hapo hapo hadi mvua zirudi. Wakati huo jani ndilo mlango uliobaki wazi.

Mlango wenyewe, hata hivyo, ni mwembamba. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na hapo ndipo maneno ya dukani huwa hayafiki.

Kilichomo ndani ya chupa

Chukua mkorosho mmoja wa wastani unaotumia lita 5 za maji kwa duru moja ya kupuliza. Ukichanganya urea kwa asilimia 1, yaani gramu 200 katika ndoo ya lita 20, mti huo utapata gramu 50 za urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni gramu 23 tu za naitrojeni, na hapo tunadhani hakuna tone lililodondoka chini. Nchini India, ambako lishe ya mkorosho imefanyiwa utafiti kwa miongo mingi, kiwango kinachopendekezwa kuwekwa ardhini kwa mti mkubwa ni gramu 500 za naitrojeni, gramu 125 za fosfeti na gramu 125 za potashi kwa mwaka. Gramu 23 hazifiki hata asilimia 5 ya naitrojeni hiyo. Ukipuliza mara tatu hufiki asilimia 15.

Udongo wa India si udongo wa Makonde, na hakuna haja ya kukariri kiwango chao. Lakini ukubwa wa pengo unatosha kuonyesha kwamba mti wenye njaa ya naitrojeni hauwezi kushibishwa kwa bomba la mgongoni.

Sasa linganisha na boroni. Mti unahitaji boroni kwa gramu chache tu kwa mwaka. Lita 5 za maji yenye boraksi asilimia 0.1, yaani gramu 20 kwa ndoo, zinabeba zaidi ya nusu gramu ya boroni. Hiyo ni sehemu kubwa ya mahitaji ya mti, na inafika mahali penyewe panapohitajika, kwenye shada la maua. Kadhalika zinki. Kwa hiyo virutubisho vinavyohitajika kidogo kidogo ndivyo vinavyofaa kupita kwenye jani. Vile vinavyohitajika kwa wingi, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kazi yao kubwa iko ardhini wakati wa mvua, na jani huvipokea kama kitafunwa cha kusogezea muda.

Jambo hilo linabadilisha namna ya kusoma lebo. Chupa au pakiti nyingi zimeandikwa tarakimu tatu, kwa mfano 20-20-20, zikionyesha asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi. Kilo moja ya pakiti hiyo ina gramu 200 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Mkulima angelazimika kununua pakiti 115 za kilo moja ili kupata naitrojeni iliyomo katika mfuko mmoja wa urea. Anayenunua 20-20-20 kwa ajili ya naitrojeni ananunua chumvi kwa bei ya dhahabu. Akiinunua kwa sababu chini ya lebo, kwa herufi ndogo, imeandikwa zinki na boroni pamoja na viwango vyake, hapo ana hoja. Ikiwa imeandikwa tu kwamba ina "virutubisho vyote muhimu" bila asilimia, aiache rafuni.

Kuna pia chupa ambazo si mbolea kabisa bali ni homoni za ukuaji, na zinauzwa kwa jina lile lile la busta. Homoni haimlishi mti. Inauamrisha, na mti usio na akiba hauwezi kutii amri hiyo. Mbolea yoyote inayouzwa nchini inatakiwa kuwa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Mkulima ana haki ya kumuuliza muuzaji kuhusu usajili huo na kudai risiti.

Salfa iliokoa zao, ardhi ikalipa

Mtu hawezi kuzungumzia njaa ya mkorosho bila kuzungumzia salfa. Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi katika msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Bei ndogo na kuhamia vijijini, ambako kuliwaweka wakulima mbali na mashamba yao, vilichangia. Lakini adui mkubwa wa shambani alikuwa ubwiri unga, ugonjwa ulioanza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambao huunguza majani machanga na maua wakati wa usiku wa baridi na umande. Salfa ya unga ndiyo iliyolirudisha zao. Ilikuwa na sifa moja kubwa kwa watu wa Newala na Tandahimba walioko juu ya nyanda za Makonde: haihitaji maji.

Salfa hiyo haipotei. Inayoanguka chini hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa asidi. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote huhitaji kilo tatu hivi za chokaa kuizima nguvu. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulikwisha kuonyesha kwamba udongo wa mashamba yanayopulizwa salfa unazidi kuwa na asidi, na udongo wenyewe ni kichanga chepesi kisicho na nguvu ya kujitetea. Udongo wa namna hiyo hupoteza kalisi, magnesi na potasiamu, ambazo huchukuliwa na maji ya mvua kwenda chini.

Hivyo basi kuna mashamba ya korosho ambayo kwa miaka zaidi ya 30 yamepokea salfa kila msimu, yametoa korosho kila msimu, na hayajawahi kurudishiwa hata debe moja la samadi. Kanda nzima imepandisha mavuno kwa kasi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000, na msimu wa 2024/25 ilivuka tani 500,000. Kila gunia linaloondoka ghalani linaondoka na kipande cha shamba. Hapa ndipo busta inapoweza kumdanganya mkulima. Jani likipulizwa hugeuka kijani haraka, ndani ya siku chache, na macho yanaridhika, wakati chini ya ardhi tatizo liko pale pale.

Mwenye shamba la namna hiyo angefanya vyema kuanza na vitu vya bei ndogo kabla ya chupa. Majivu ya jikoni yana potasiamu na hupunguza asidi. Chokaa ya kilimo hufanya hivyo kwa uhakika zaidi, mradi udongo umepimwa. Samadi ya mbuzi ama kuku, kunde au mbaazi zilizopandwa katikati ya mistari, na majani yaliyopaliliwa kuachwa yaoze badala ya kuchomwa moto, vyote hivyo hurudisha mboji. Kuchoma majani chini ya mikorosho kila mwaka ili "shamba liwe safi" ni tabia inayogharimu kuliko wengi wanavyodhani.

Wakati wa kupuliza

Tuseme mkulima ameridhika kwamba mikorosho yake imepogolewa, mwanga unaingia, ubwiri unga unadhibitiwa na udongo haujafa. Sasa anataka kupuliza. Ana nafasi tatu tu.

Ya kwanza ni wakati majani mapya yamefunguka na bado laini. Hapo jani linapokea vizuri, na hapo ndipo zinki ina kazi. Mti wenye upungufu wa zinki hutoa majani madogo, membamba, yaliyosongamana kwenye ncha ya tawi. Urea kidogo pia inafaa hapa, lakini kwa tahadhari. Naitrojeni ikizidi mti utaendelea kutoa machipukizi mororo badala ya maua, na machipukizi hayo ndiyo chakula wanachokipenda mbu wa mikorosho na ubwiri unga. Wapo waliopuliza urea mara nne kwa nia njema na wakaishia na mti wa kijani uliojaa ugonjwa.

Nafasi ya pili ni mashada yanapotoka, kabla maua hayajafunguka. Shada moja la mkorosho lina mamia ya maua, mengi yao madume. Yale yenye uwezo wa kuzaa ni machache, na katika hayo machache sehemu kubwa hudondoka ikiwa korosho changa. Boroni husaidia chavua kuota na kufika kwenye yai la ua. Ikipungua, maua yanaweza kuwa mengi na korosho zikawa chache. Maua yakishafunguka ni vizuri kuacha kupuliza wakati wa asubuhi iliyochangamka na adhuhuri, kwa sababu nyuki na inzi wako kazini, na bila wao hakuna busta itakayobebesha tawi.

Ya tatu ni pale korosho changa zinapofikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Watu wengi hukosea hapa kwa kuchelewa. Korosho hukua kwanza, ikafikia ukubwa wake wote ikiwa bado ya kijani, kisha huanza kukauka na kusinyaa kidogo, na ndipo bibo linapovimba kwa kasi. Mkulima anayeona mabibo yameanza kunenepa na kukimbilia dukani kutafuta potasiamu ya kunenepesha korosho amekwisha kuchelewa. Ukubwa wa korosho umeshaamuliwa. Atanenepesha bibo, na bibo kwa bahati mbaya halipimwi kwenye mizani ya chama cha msingi.

Kuhusu viwango, kilicho salama ni kuanza chini. Majaribio ya India mara nyingi hutumia urea ya asilimia 2 hadi 4, lakini katika kiangazi cha kusini chenye upepo mkavu ni busara kuanza na asilimia 1 na kuangalia majani kwa juma zima. Zinki salfeti hutajwa kwa asilimia 0.5, yaani gramu 100 kwa ndoo ya lita 20. Nayo inaweza kuunguza majani machanga, hivyo nusu ya kiwango hicho inatosha kwa mara ya kwanza. Boraksi isizidi gramu 20 kwa ndoo. Boroni ina tabia mbaya: umbali kati ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru ni mdogo, na anayekadiria kwa kiganja anajitafutia hasara. Mizani ndogo ya jikoni ni lazima.

Wakati mzuri ni alfajiri au alasiri jua likiwa limepoa, ili maji yakae kwenye jani kabla ya kukauka. Tone dogo la sabuni ya maji husaidia mchanganyiko kutandaa juu ya nta. Pua ya bomba ielekezwe pia kwenye upande wa chini wa majani. Habari njema ni kwamba mkorosho hauzai katikati ya mti. Unazaa kwenye ncha za matawi ya nje, ambako ndiko bomba linakofika.

Maji na gharama ya kuzunguka shamba

Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina mikorosho 28. Kwa lita 5 kila mti, duru moja inahitaji lita 140, sawa na ndoo 7. Duru tatu ni ndoo 21. Mtu wa mabondeni anaweza kuona ni maji kidogo. Mtu wa juu ya nyanda za Makonde, ambako kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo na kubebwa kwa baiskeli ama pikipiki, anajua ni nini. Miti mikubwa ya zamani hutumia zaidi ya hapo, na miti iliyofungamana haipulizwi ikaenea hata kwa lita 15.

Ifuatayo ni hesabu ya mfano tu, na kila mkulima aweke bei za kwake. Tuseme ndoo ya maji ni Sh500, busta ya kuchanganya ndoo moja ni Sh3,000, kibarua wa kupuliza ekari ni Sh15,000 kwa duru, na petroli ya mashine ni Sh5,000 kwa duru. Kwa duru tatu maji ni Sh10,500, busta Sh63,000, kibarua Sh45,000 na petroli Sh15,000. Jumla ni Sh133,500.

Kwa upande wa mapato asitumie bei iliyotangazwa mnadani. Atumie kile kinachobaki baada ya makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafiri. Tuseme ni Sh2,500 kwa kilo. Gawanya 133,500 kwa 2,500, unapata kilo 53. Mikorosho 28 inatakiwa kutoa kilo 53 za ziada, karibu kilo 2 kila mti, ili mkulima arudishe tu fedha yake bila faida. Mti unaotoa kilo 10 ungehitaji kupanda kwa asilimia 20. Mti unaotoa kilo 4, na iko mingi, ungehitaji kupanda kwa karibu nusu, na hiyo si kazi ya chupa.

Sasa badilisha kitu kimoja. Mkulima huyo huyo tayari anapuliza kiuatilifu cha maji dhidi ya ubwiri unga au mbu wa mikorosho. Katika misimu ya karibuni serikali kupitia Bodi ya Korosho imekuwa ikigawa salfa na viuatilifu kwa wakulima waliosajiliwa, kwa hiyo duru hizo zipo hata bila busta. Akichanganya virutubisho katika maji yale yale, kibarua, petroli na ndoo za maji havihesabiwi mara ya pili. Gharama ya nyongeza ni Sh63,000 peke yake, ambayo ni kilo 25, yaani chini ya kilo moja kwa mti. Na kama badala ya chupa ya rangi atanunua urea, zinki salfeti na boraksi na kupima mwenyewe, gharama hushuka zaidi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, kwa gramu 200 kila ndoo, unachanganya ndoo 250. Wakulima 10 wakigawana mfuko mmoja watamaliza msimu na urea itabaki ya kuweka kwenye mahindi.

Faida ya busta kwa hiyo haitegemei sana ubora wa chupa. Inategemea kama mkulima anatembea shambani mara moja au mara mbili.

Kuchanganya nako kuna masharti yake. Salfa ya unga haihusiki, maana hupulizwa kavu. Kwa viuatilifu vya maji, soma lebo kwanza, kisha jaribu katika chupa ya kioo: weka vyote kwa vipimo vidogo, tikisa, subiri nusu saa. Ukiona mashapo, mgando au moto, usimwage kwenye bomba. Zinki ikikutana na fosfeti hugeuka mashapo na kuziba pua, na mbolea za kalisi hazipatani na zenye fosfeti wala salfeti. Inashangaza namna watu wanavyoogopa kuchanganya chakula lakini hawaogopi kuchanganya kemikali tatu wasizozijua.

Ubora: nani anapokea faida

Wauzaji wa busta husema inaongeza ubora. Kwa sehemu ni kweli. Korosho iliyolishwa vizuri hujaa, na mnunuzi anapopasua sampuli huangalia viini vimejaa kiasi gani. Sokoni ubora huo hupimwa kwa ratili za kiini kwa gunia la kilo 80. Korosho ya ratili 50 ina kilo 22.7 za kiini kwa gunia, asilimia 28. Ikishuka hadi ratili 48, gunia limepoteza karibu kilo moja ya kiini. Vilevile ukubwa una bei yake: viini vyeupe vya daraja la W180 ni 170 hadi 180 kwa ratili, wakati W320 ni 300 hadi 320, na vikubwa huuzwa ghali zaidi.

Lakini korosho ya mkulima mmoja haifiki mnadani peke yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 mkoani Mtwara, korosho hukusanywa kwenye chama cha msingi, hupangwa kwa madaraja, huchanganywa na za wenzake na kuuzwa kwa mkupuo. Mkulima aliyefikisha ratili 53 analipwa sawa na jirani yake mwenye 47, mradi wote wamo daraja la kwanza. Kwa hiyo mtu mmoja anayepuliza busta kwa ajili ya ubora anawanunulia wenzake faida. Anacholipwa yeye ni kilo. Hesabu yake aifanye kwa kilo, na suala la ratili aliache kwa chama kizima, kwa sababu chama chote kikipandisha ubora ndipo wanunuzi hupandisha bei.

Aidha, mengi yanayoishusha korosho daraja hayana uhusiano na lishe. Mabaka meusi ni kazi ya wadudu wanaofyonza na ugonjwa wa blaiti. Korosho chanya hutokana na kuvuna kwa kutikisa matawi au kwa fimbo badala ya kusubiri zianguke. Ukungu hutokana na kutoanika siku mbili au tatu juani na kufungia kwenye mifuko ya plastiki. Mwenye kuanika ovyo hana sababu ya kununua boroni.

Kujaribu bila kubahatisha

Ushahidi wa jirani hautoshi. Mikorosho iliyotokana na mbegu hutofautiana mno, mti mmoja ukitoa kilo 15 na wa pembeni kilo 3 katika udongo ule ule na bila busta. Mavuno pia hupanda na kushuka kati ya mwaka na mwaka. Mkulima anayepuliza shamba zima na kuvuna vizuri hajui kama ni busta, mvua au umande mdogo wa Julai.

Njia inayofaa ni kuchagua miti 20 inayofanana kwa umri na ukubwa, ikiwezekana ya miche iliyobebeshwa kama AC4 kutoka Naliendele, kwa sababu hiyo hufanana kwa asili. Miti 10 ipulizwe kiuatilifu pamoja na virutubisho, miti 10 kiuatilifu peke yake. Zipishane shambani, zisiwe kundi moja upande wa bonde na kundi jingine mlimani, na pawe na mti usiohesabiwa katikati ili upepo usihamishe dawa. Kila mti ufungwe kitambaa cha rangi yake. Korosho za kila kundi ziokotwe katika gunia lake, zianikwe mbali mbali na kupimwa zikiwa kavu. Kisha achukue kilo moja kutoka kila gunia na kuhesabu korosho zilizomo: zikiwa chache, ni kubwa.

Kama kundi la busta limezidi kwa kilo nyingi kuliko zile za kurudisha gharama, arudie msimu unaofuata kwa miti 40. Kama hazikuzidi, amejua kwa gharama ya ndoo chache. Chama cha msingi kinaweza kufanya jaribio hilo katika mashamba matano ya vijiji tofauti na kubandika matokeo kwenye mbao za ghala, ambako wanachama wote hupita kusubiri mizani. Maofisa ugani wa wilaya na watafiti wa kituo cha TARI Naliendele ndio wa kuulizwa kuhusu kupima udongo na majani. Sampuli za udongo zichukuliwe kabla ya mvua za Novemba, ili kama chokaa inahitajika, iingie ardhini na mvua za kwanza.